Lakiri na Uaminifu



Zamani nilipokuwa nikifundisha, karatasi za mitihani zililetwa katika bahasha zilizopigwa lakiri. Mwalimu mwenzangu aliyekabidhiwa ufunguo wa stoo alinung'unika: "Ufunguo mmenipa, na lakiri mmeipiga. Basi hamniamini." Wakati ule sikumjibu.

Nimemkumbuka kwa ajili ya urani ya Mto Mkuju, katika wilaya jirani ya Namtumbo, ambako kiwanda cha majaribio kilizinduliwa Julai 2025. Unga wa njano wa urani peke yake si bomu. Lakini ukipitishwa katika viwanda vya ng'ambo huweza kuwa umeme, na huweza kuwa bomu. Kwa hiyo Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, ambalo nchi yetu ni mwanachama wake tangu 1976, hufunga mihuri na kamera katika maghala yenye vitu hivyo vikali. Siku hizi habari za baadhi ya mihuri hiyo hupelekwa kwa maandishi ya siri hadi makao ya Shirika huko Vienna, na mkaguzi hujua mlango ulifunguliwa saa ngapi bila yeye kupanda ndege.

Je, mlinzi wa ghala ametukanwa? Sidhani. Huko Kinshasa, katika miaka ya 1970, fimbo mbili za urani zilitoweka katika mtambo wa atomiki. Moja ilikamatwa Italia mwaka 1998. Hebu fikirini hali ya mtunzaji mwaminifu wa mahali kama pale: atajiteteaje? Hata mwenzangu yule, maswali yalipovuja mwaka mmoja, macho yote yalimgeukia yeye. Lakiri nzima katika stoo yake ndiyo iliyomwokoa. Nasi tunasoma katika Mathayo kwamba askari wa kaburini walipewa fedha, wakasema walivyofundishwa. Muhuri hauli rushwa, ingawa hauwezi kumkimbiza mwizi.

Lakini manung'uniko ya mwenzangu yana sehemu moja nisiyoweza kuikana. Kwa mkataba wa 1968, mataifa matano yenye mabomu hayalazimiki kuwafungulia wakaguzi hao maghala yao, ila kwa hiari. Sisi tuliojiunga bila mabomu tunalazimika. Shuleni kwetu mkuu wa shule naye hakuruhusiwa kuishika bahasha mpaka wawili wetu tuwe tumesimama pale, na ni kwa sababu hiyo tu mwenzangu alikubali kuendelea kuushika ufunguo.