Tundu la Ushanga

Wiki hii shangazi alifungua kikasha chake akatoa kidani cha akiki nyekundu, binti yetu akivae harusini. Kijana mmoja pale sebuleni akakitupia jicho, akasema, "Vijiwe tu hivi, shangazi. Mashine inatoa elfu kabla hujamaliza chai." Shangazi hakumjibu. Alikifuta kidani kwa upindo wa kanga, akamvisha binti. Neno lile limenikaa rohoni mpaka leo.

Laiti kijana yule angeuona mkanda uliofukuliwa Allahdino, karibu na Karachi, Pakistani. Ni kazi ya watu wa Harappa, waliojenga miji katika bonde la mto Indus zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Una shanga 36 ndefu za akiki, nyingine zikipita sentimita 10. Chuma hawakuwa nacho. Fundi alipekecha kwa keekee yenye ncha ya jiwe gumu, akaanzia upande mmoja, akageuza upande wa pili, matundu yakutane katikati. Mtafiti Jonathan Mark Kenoyer aliijaribu njia hiyo: saa nzima ya kupekecha hupenya milimita 2.5 hivi. Ushanga wa sentimita 6 unakula siku tatu za kazi.

Utaniambia wale walikuwa na muda, sisi tuna kodi na karo. Nao walikuwa na watoto wa kulisha! Hata vya rahisi walikuwa navyo: shanga za udongo wa kuchoma, zikapakwa rangi ziigize akiki. Asiyeweza za akiki alivaa za udongo, wala si aibu. Aibu ni kusema zote ni mamoja.

Jina la fundi yule hatulijui. Maandishi yao hayajasomeka hadi leo. Ila ujuzi haukuzikwa. Khambhat, huko Gujarat, India, wangali wanapekecha akiki, na kwa karne nyingi shanga za India zilivuka kwa majahazi hadi mwambao wetu. Huenda za shangazi zilipita njia hiyo.

Mimi nashikilia kwamba kazi hupimwa pale macho ya mnunuzi yasipofika: mshono wa ndani ya kanzu, tofali lililofunikwa na plasta, tundu ndani ya jiwe.

Kijana, kiombe kidani kile, ukiinue kwenye mwanga. Ndani ya kila kijiwe utaona mstari mwembamba, umenyooka ncha hadi ncha. Ukishauona, kamtake shangazi radhi.