Kulegeza Nako ni Nguvu

Kunja mkono wako wa kuume, kisha uukunjue. Ni jambo dogo, hata mtoto mchanga hulifanya asifundishwe na mtu. Walakini katika tendo hilo Muumba ametuwekea somo ambalo nyumba zetu nyingi zalihitaji.

Mwili wa mtu una misuli zaidi ya 600 iliyoshikamana na mifupa, na yote ina tabia moja: msuli hujua kuvuta tu, haujui kusukuma. Kwa hiyo umewekewa mwenzi upande wa pili. Msuli wa mbele ya mkono ukivuta, kiwiko hukunjwa. Wa nyuma ukivuta, hukunjuliwa. Lakini mmoja hauwezi kufanya kazi yake vema pasipo mwenzake kulegea kwa kiasi. Yote miwili ikivuta kwa nguvu sawa, mkono hukakamaa, hauendi wala haurudi. Ndiyo mateso ya mgonjwa wa pepopunda: sumu ya ugonjwa huo huzuia amri ya kulegea, misuli huvuta pamoja, taya hukazana, mgongo hupindika kama upinde. Mgonjwa huyo hakukosa nguvu za kuvuta, amekosa kuachia.

Miongoni mwa waliotufumbua macho katika elimu hii ni Niels Stensen, mzaliwa wa Copenhagen, mwaka 1638. Siku zile wataalamu wengi walidhani kwamba msuli hufanya kazi kwa kuvimba, ukijazwa kitu kama pumzi kitokacho ubongoni. Stensen, katika kitabu chake cha mwaka 1667, alionyesha kwa hesabu kwamba msuli waweza kufupika pasipo kuongezeka ukubwa. Alifundisha pia kwamba moyo wenyewe ni msuli. Mwaka huo huo wa 1667 aliingia katika Kanisa Katoliki. Akapata upadre mwaka 1675 na uaskofu mwaka 1677, na mwaka 1988 Papa Yohane Paulo II alimtangaza kuwa Mwenye Heri. Elimu haikumtenga na Mungu.

Tangu mwaka 1954 wachunguzi wameeleza zaidi. Ndani ya msuli mna nyuzi nene na nyuzi nyembamba zipitanazo. Zile nene zina vichwa vidogo ambavyo hushika zile nyembamba, huvuta, huachia, hushika tena mbele kidogo, kama wavuvi wavutao kamba ya juya. Na hapa pana ajabu: kichwa kilichokwisha kuvuta hakiachi mpaka kipate nguvu mpya itokanayo na chakula. Hata kuachia kwahitaji nguvu! Ndiyo sababu maiti hukakamaa saa chache baada ya kufa: nguvu imekwisha, vichwa vimeshika, wala hakuna cha kuviachisha. Waosha maiti walijua jambo hili zamani, nao huharakisha kunyosha viungo vya marehemu.

Basi tujiulize. Ndugu wawili wavutanao juu ya shamba la marehemu baba yao, mwaka wa tatu sasa. Mume na mke walalao chumba kimoja pasipo kusemezana. Baba asiyetaka kutajiwa jina la mwanawe: je, hao wana nguvu? Wenyewe husema, “Nikilegeza, nitaonekana dhaifu.” La! Kushika na kutoachia hata maiti aweza. Aliye hai ndiye aachiaye. Wala sisi mapadre hatujitoi katika shauri hili, kwa maana nasi twajua kukaza shingo.

Lakini tusieleweke vibaya. Msuli unaolegea haukukatwa. Ungalipo, na zamu yake ya kuvuta itafika. Kusamehe si kuitupa haki, wala hatumwambii mke anayepigwa akae kimya. Hata hivyo yafaa tukumbuke kwamba pasipo zamu hapana mwendo, na mmoja akivuta siku zote, nyumba imekwisha kupooza.

Utazameni moyo. Hupiga mara 100,000 hivi kwa siku, na katika kila pigo hulegea kwanza ndipo ujae damu. Moyo usiolegea haupokei kitu, nao usiopokea hauna cha kutoa. Wazee wetu hawakukosea walipomwita mtu mwema mkunjufu, yaani aliyekunjuliwa.

Nguvu ya kuachia hatunayo sisi wenyewe. Hutoka katika chakula, na Bwana wetu Yesu Kristu ametuandalia Chakula hicho altareni. Jumapili hii, kabla ya kuondoka nyumbani kwenda Misa, mwendee yule mnayevutana naye. Usingoje aanze yeye. Mnyoshee mkono uliokunjuliwa.