Mkono wa Adamu, Kifundo cha Fundi

Mnamo mwaka 1511 hivi, Michelangelo alishika chaki nyekundu akamchora mwanamume aliyejilaza, uchi wa mnyama. Alikuwa akijiandaa kumchora Adamu kwenye dari la kanisa la Sistine huko Vatikani, kazi aliyoimaliza mwaka 1512. Karatasi ile ingalipo, imehifadhiwa British Museum, London. Wengi wetu tuliolelewa kwa adabu hugeuza uso tuonapo picha ya namna hiyo, na adabu ni jambo jema. Lakini huyu ni binadamu wa kwanza, kabla ya aibu na kabla ya nguo. Kumfunika shuka kungekuwa kuificha kazi ya Muumba ambayo mchoraji aliifuata msuli kwa msuli.

Pale darini, utazame mkono wa kushoto. Adamu ameegemea kiwiko cha kulia, na huo wa kushoto ameutuliza juu ya goti, akaunyoosha kumwelekea Mungu. Kifundo kimelegea, kiganja kinaning'inia, kidole cha shahada kimeinuka kidogo tu. Mkono wa Mungu, kwa upande wake, umenyooka na kukaza. Vidole havijagusana. Ulegevu ule husomwa kuwa udongo unaongoja uhai, nami naafiki. Ila sisi wa Nairobi ishara hiyo tunaijua kwa maana nyingine pia.

Nenda Kawangware kwenye gereji za jua kali, umsalimie fundi aliyeinamia injini. Mikono imejaa grisi mpaka kwenye kucha. Hatakunyima salamu, wala hatakuchafua. Atakilegeza kiganja kitazame chini, akunyooshee kifundo, nawe utakishika. Kibera, mama anayeparua samaki hufanya vivyo hivyo, magamba yangali yamemganda vidoleni. Umbo ni lile lile la Adamu. Yeye aliunyoosha mkono mtupu ili apokee. Fundi na mama huyu wanaunyoosha ukiwa umejaa kazi, na wanakukinga usichafuke. Sijaona heshima inayosemwa kwa ufupi zaidi.

Jaribu mwenyewe. Inua mkono, ukiache kifundo kianguke: vidole vitajifungua kidogo bila wewe kuviamuru. Sasa kipinde kifundo kuelekea juu: vitajikunja. Kila mkono, kuanzia kifundoni hadi ncha za vidole, una mifupa 27, lakini misuli yenye nguvu inayovikunja na kuvinyoosha vidole haiko vidoleni. Iko juu, kati ya kifundo na kiwiko, na huvivuta kwa kano ndefu zinazopita kifundoni kama waya wa breki ya baiskeli. Kifundo kikianguka, kano za upande wa juu hukazika, na vidole vikanyooka. Michelangelo aliyajua hayo: waandishi wa maisha yake wanaeleza kwamba akiwa kijana huko Florence aliruhusiwa kupasua maiti katika nyumba ya watawa ya Santo Spirito.

Kwa hiyo unapokishika kifundo cha fundi, umeshika njia ya kila kidole alichofungulia nati tangu asubuhi. Na hapo hapo, upande wa kidole gumba, ndipo daktari hupima mapigo ya moyo. Asifiwe aliyeupitisha mshipa wa mapigo hayo karibu hivyo na ngozi, mahali ambapo hata mtu mwenye mikono michafu anaweza kumpa mwenzake aushike.