Waongozi Hupita, Kristo Adumu



Neno la kutafakari mwezi huu ni Waebrania 13:8. Wengi wetu twalijua kwa moyo tangu siku za kipaimara, lakini ni wachache waulizao kwa nini limewekwa mahali pale. Someni mstari uliotangulia. Hapo Wakristo waagizwa wawakumbuke waongozi waliowafundisha, na kuangalia jinsi walivyoumaliza mwendo wao. Yaani waongozi wale wamekwisha kuondoka. Pengo limebaki, na mioyo yauliza: Sasa ni nani atakayetushika mkono? Ndipo mwandishi ashuhudiapo ya kuwa Yesu Kristo hana jana iliyompita, wala kesho itakayomgeuza.

Basi, neno hili halikuandikiwa watu waliostarehe, bali watu walioyaona mambo yao yakigeuka.

Sisi nasi tu watu wa namna hiyo. Babu zetu walitoa sadaka kwa rupia na hela za Wajerumani. Mwaka 1921 ikaja shilingi ya Afrika Mashariki, na mwaka 1966 shilingi ya Tanzania. Leo wako watoao kwa simu, wala sarafu haisikiki kikapuni. Hata Kibo kimegeuka. Katika barafu iliyokuwako mwaka 1912, zaidi ya sehemu nane katika kumi imekwisha kutoweka. Ikiwa mlima wenyewe wavuliwa joho lake, mwanadamu atategemea nini?

Kumbukeni yaliyotukia Kilimanjaro. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wamisionari wa Leipzig walitolewa nchini mwaka 1920. Wamarekani wa Sinodi ya Augustana wakafika mwaka 1922. Katikati ya hapo, ni nani waliowafundisha wanafunzi wa ubatizo, na kuwafariji wafiwa? Ni walimu na wazee wa papo hapo, watu wasio na cheo cha uchungaji. Bustani haikukauka kwa kuondoka watunzaji wake, kwa maana mwenye bustani hakuondoka. Na tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba yaliungana kuwa Kanisa moja la Kiinjili la Kilutheri.

Lakini tujihadhari. Neno hili halisemi ya kuwa desturi zetu hazigeuki. Yuko mzee asikiaye vyombo vya umeme mahali pa matarumbeta, akasema, “Imani imekufa.” Yuko na kijana wa mjini asemaye, “Kristo ni wa siku za bibi.” Hawa wawili wafikiri kwamba wapingana, kumbe kosa lao ni moja: wamemfunga Bwana katika chombo. Mmoja akililia chombo, wa pili akitupa, na Bwana mwenyewe hakuna amtazamaye.

Uaminifu wa Kristo basi u wapi? U katika ahadi yake. Siku ya ubatizo wako alikuita kwa jina, wala hakuweka sharti kwamba dunia isibadilike kwanza. Umelihama shamba la baba yako, umeachishwa kazi, umefiwa, ahadi ile yasimama. Hata wewe mwenyewe umebadilika, ukalegea katika sala: yasimama. Mtazameni Petro. Usiku mmoja alimkana Bwana wake mara tatu. Petro aligeuka, Bwana hakugeuka. Baada ya kufufuka alimfikia kando ya bahari, akamkabidhi kondoo zake.

Ninyi walimu wa kipaimara, hapa pana kazi yenu. Mtoto mliyempa desturi peke yake atazipoteza siku atakaposhuka katika basi mjini. Mtoto aliyefundishwa kumjua Kristo atamkuta huko amemtangulia. Tena, kila mmoja wetu amtafute mwezi huu ndugu mmoja aliyetoweka usharikani. Asianze kumwuliza habari za ahadi ya fedha isiyolipwa. Amwambie kwanza ya kuwa Bwana wake hajamwacha.

Sisi nasi tutapita, na wengine watasimama mimbarani petu. Heri yetu ikiwa watakaotukumbuka watasema: Walituonyesha Yeye asiyepita.

Amina.