Ushahidi wa Mpiga Mbizi

Mtu aendaye baharini kwa kujifurahisha huhesabiwa kuwa hana deni kwa bahari. Mvuvi anadaiwa kwa kuwa hula humo, na nahodha kwa kuwa hupita humo. Lakini yule aliyekodi mtungi wa hewa, akashuka, akatazama samaki, akapanda, hudhaniwa kuwa amemaliza yote alipolipa nauli ya mashua. Dhana hii ni nyepesi mno. Aliyeona jambo ambalo wengine hawawezi kuliona amekwisha kuwa shahidi, apende asipende, na linalobaki ni kama atasema au atanyamaza.

Jambo hili lilipata kujaribiwa katika Florida, nchini Marekani. Mwaka 1990 iliundwa huko jumuiya iitwayo Reef Environmental Education Foundation, na mwaka 1993 ikaanza kuwaomba wapiga mbizi wa starehe waandike samaki wawaonao. Kazi yenyewe haina mambo mengi. Mtu hushuka na kibao na penseli, huogelea apendako, na kila aina ya samaki aitambuayo kwa yakini huiandika. Hatakiwi kutoa hesabu kamili, maana samaki hawasimami safu wakahesabiwa kama askari. Huchagua daraja moja katika nne: mmoja. Wachache, yaani 2 hadi 10. Wengi, yaani 11 hadi 100. Au tele, yaani zaidi ya 100. Asiyemtambua humwacha.

Mwanachuoni mwenye shaka atauliza ushahidi huo una thamani gani, iwapo shahidi amejifunza majina ya samaki juzi tu. Shaka hiyo ni ya haki. Mgeni wa mbizi huvutwa na samaki mkubwa akamsahau mdogo, na huchanganya aina mbili zilizofanana rangi. Lakini wataalamu wa bahari ni wachache, safari zao ni ghali, na bahari ni pana. Tena makosa ya watu wengi hayaelekei upande mmoja, na kosa lirudiwalo vile vile kila mwaka haliwezi kuficha badiliko la mwaka hadi mwaka. Kwa hesabu, basi, jibu limepatikana.

Kwa maadili bado. Chini ya maji hakuna msimamizi. Mtu akiandika kuwa ameona chewa mkubwa ambaye hakumwona, nani atamkanusha? Samaki huyo, kama alikuwako, amekwisha kwenda zake. Wala kishawishi si fedha, kwa kuwa hakuna alipwaye. Ni haya ya kurudi chomboni na kibao kitupu mbele ya wenzake walioandika majina arobaini. Na hapa ndipo kazi hii huwa tofauti na michezo mingine ya matajiri, maana kutoonekana kwa samaki ni habari kamili. Mwamba uliokuwa na pono tele, kisha mwaka huu ukawa na mmoja, unasema jambo zito, lakini husema kwa kinywa cha yule tu aliye tayari kuandika uchache alioukuta. Uaminifu wa namna hii ni mdogo kwa umbo, na haupatikani kwa wingi.

Thamani yake ilidhihirika alipokuja samaki simba. Asili yake ni Bahari ya Hindi na Bahari ya Pasifiki. Moja ya aina zake mbili zilizohamia Marekani iko kwao toka Bahari ya Shamu hadi kusini mwa Afrika, na katika pwani ya Afrika ya Mashariki hakuna amhesabuye kuwa adui, ingawa miiba yake ina sumu. Mwaka 1985 alionekana Florida, yamkini ametupwa na mtu aliyemfuga katika tangi la kioo. Jike huweza kutaga mayai milioni mbili hivi kwa mwaka. Utafiti uliotangazwa mwaka 2008 kutoka Bahamas ulionyesha kuwa, kwa muda wa majuma matano, samaki simba alipunguza kwa asilimia 79 idadi ya samaki wachanga wanaokuja kukaa mwambani. Katika pwani nyingi, waliopeleka habari za kufika kwake walikuwa wapiga mbizi.

Kisha mashahidi wakashika mikuki. Toka mwaka 2009 jumuiya ile imekuwa ikifanya mashindano ya kuwavua, yenye zawadi kwa aliyeua wengi. Kuua huko kwaweza kuitwa lazima. Nyama yake huliwa, kwa kuwa sumu imo mwibani, na mwamba hupumzika. Lakini lazima si adhabu. Samaki huyu hakuvuka bahari kwa hila, na anakula kama alivyokula kwao. Shangwe za ushindi juu ya maiti yake zinampa hatia isiyo yake, na zinamfunika mwenye tangi, ambaye jina lake halimo katika kibao chochote. Zaidi ya hayo, aliyehesabu bila faida sasa ana zawadi ya kutazamia, na ni vema hesabu ya ushindani isichanganywe na hesabu ya ushahidi.

Mikuki nayo ina mpaka. Mpiga mbizi wa starehe huambiwa asivuke kina cha mita 40, na samaki simba ameonekana chini ya mita 300. Kwa hiyo mwamba uliosafishwa mwaka huu hupokea wengine kutoka kilindini, na hakuna siku iliyowekwa ya kumaliza. Watu walioingia majini kwa starehe ya saa moja wamejikuta na kazi isiyo na mwisho, bila mkataba wala ujira. Wengine wameiacha, na hakuna wa kuwashitaki. Waliobaki hushuka kabla ya uvuvi kuandika waliomo mwambani, na hushuka tena baadaye kuandika waliosalia.