Dada Yangu, Kanga Yako Inaitwaje?



Wapendwa vijana, leo nataka kusema na dada zetu wa miaka 13 hadi 17 hivi, na pia na ninyi mnaowalea huko TYCS, VIWAWA na kwenye vikundi vya liturujia. Neno lenyewe ni kujiamini. Semina za wasichana zimejaa neno hili. Mtoa mada anasimama, anawaambia mabinti wajitazame kwenye kioo na kujisemea kuwa ni wazuri, ni jasiri, wanaweza. Wanapiga makofi, wanapewa soda, wanarudi nyumbani. Jumapili inayofuata omba mmoja asome somo la pili: wote wanaangalia viatu vyao.

Kwa nini maneno yale hayashiki? Nilipokuwa nasoma falsafa nilikutana na maelezo ya Mtakatifu Thomas wa Akwino ambayo mpaka leo yananikaa kichwani. Kwake kujiamini ni tumaini, lakini tumaini lililopata nguvu kutokana na jambo ambalo mtu ameliona. Mifano yake ni ya kawaida kabisa: mtu akijiona ana afya, anatumaini ataishi siku nyingi, akiona ana rafiki mwenye uwezo, anatumaini atasaidiwa. Umeona hapo? Lazima kuwe na kitu kilichoonekana. Sasa wewe unamwambia binti "unaweza, unaweza", lakini hujampa chochote cha kuona. Atakuamini vipi? Yeye mwenyewe anajua kwamba sifa za bure huwa anapewa kila mtu.

Hapo ndipo inapoingia kazi ya mikono: kuchora, kusuka ukili, kufinyanga, kutunga wimbo, kushona. Kazi ya mikono inakaa nje ya binti, juu ya meza, na anaweza kuitazama. Anaona ilipopinda, anaona alipoinyoosha. Haihitaji makofi ya mtu.

Katika mwaka wangu wa uchungaji tulikuwa na mabinti kumi na wanne kila Jumamosi jioni kwenye ukumbi wa parokia, mimi, Sista mmoja na mama mmoja wa WAWATA. (Hili niliseme mapema kwa mafrateri wenzangu: mlango ulikuwa wazi muda wote na Sista alikuwepo muda wote. Usianzishe kitu kama hiki peke yako.) Kila binti alipewa karatasi ya manila, penseli, rula na kifutio, akaambiwa achore kanga yake.

Kanga mnaijua. Kuna pindo linalozunguka pande zote, kuna mji pale katikati, na kuna yale maneno. Wengi tunayaita msemo au ujumbe, lakini wenye kanga zao wanayaita jina. Kanga bila maneno yake ni kama haijapewa jina. Yule mama ndiye aliyetukumbusha, na kazi nzima ikageukia hapo.

Tukaanza na pindo kwa sababu pindo ni kazi ya kuchosha. Unapima, unarudia umbo lile lile, na pembe zote nne lazima zikutane. Binti mmoja wa kidato cha pili, mkimya kweli kweli, alichagua kuzungushia ndoo, kwa kuwa kila asubuhi anachota maji kabla ya shule. Upande mmoja zilitoka ndoo kumi na moja, wa pili kumi na mbili na nusu. Pembe zikagoma. Akafuta. Jumamosi iliyofuata akafuta tena, karatasi ikaanza kutoboka, akaomba nyingine. Hakuna aliyemwambia "imependeza", maana haikuwa imependeza. Mama akamwonyesha kitu kimoja tu: chora ndoo za pembeni kwanza, halafu ndiyo ugawanye nafasi iliyobaki katikati. Jumamosi ya tatu pembe zilikutana.

Jina la kanga yake akaliandika hivi: NINAYOYACHOTA HAYANIZAMISHI.

Mwenzake akamuuliza ndoo zinahusu nini. Akasimama, akaeleza kuhusu bomba la mtaani, foleni ya alfajiri, na kuchelewa namba shuleni. Alizungumza kama dakika tatu, na sauti yake kwa kweli ndiyo nilikuwa naisikia kwa mara ya kwanza. Msifikiri kwamba Jumapili yake alipanda kwenye mimbari. Alikataa, na akakataa tena. Alikuja kusoma somo wakati wa Kwaresima, kwa kuomba mwenyewe.

Wiki ya kwanza ya majina karibu wote waliandika "Mungu ni mwema". Sista akasema ni kweli, tena kweli tupu, lakini hiyo ni kanga ya kila mtu. Ya kwako iko wapi? Swali hili si la sanaa tu. Soma Isaya 43, Mungu anamwita mtu wake kwa jina lake. Soma Ufunuo 2, aliyeshinda anaahidiwa jiwe jeupe lenye jina ambalo yeye peke yake atalijua. Mungu wetu hatuiti kwa mafungu. Msichana ambaye kila siku anaitwa "wewe mnene", "wewe mweusi", "wewe wa mwisho darasani", akikaa saa nzima kutafuta maneno yaliyo yake mbele za Mungu, mimi nasema anasali, hata kama hajapiga magoti.

Najua kuna mzazi atasema, Frateri, unawafundisha watoto wetu kujionyesha. Binti mwema hukaa kimya. Nakuheshimu mzazi wangu, ila Thomas hakubaliani na wewe. Anasema unyenyekevu na ukuu wa roho havigombani: kwa unyenyekevu mtu anatazama upungufu wake, kwa ukuu wa roho anatazama kipaji alichopewa na Mungu. Kukimbia jambo unaloliweza kwa sababu ya woga anakuita udogo wa roho, anakuweka kati ya dhambi, na mfano anaoutoa ni yule mtumishi wa Mathayo 25 aliyefukia talanta. Na Bikira Maria je? Msichana aliyejiita mtumishi wa Bwana ndiye huyo huyo aliyeimba utenzi ambao Kanisa linausali kila jioni katika Masifu. Hakukaa kimya.

Na anayesema kuchora ni kupoteza muda, afungue Kutoka 35. Wanawake waliosokota nyuzi kwa ajili ya Hema wanasifiwa kwa hekima. Hekima ya mikono!

Kuna jambo la Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu ambalo watu hulipita haraka. Akiwa na miaka kama kumi, baba yake alimuuliza kama angependa kujifunza kuchora pamoja na dada yake Celine. Alikuwa karibu kujibu ndiyo kwa furaha, dada yake mkubwa akasema Teresia hana kipaji kama cha Celine. Basi, ikaishia hapo. Teresia alinyamaza, akamtolea Yesu sadaka hiyo. Baadaye, akiwa mtawa Lisieux, alichora, akatunga mashairi, akaandika michezo ya kuigiza kuhusu Joan wa Arc na kucheza nafasi ya Joan yeye mwenyewe. Sadaka yake ilikuwa takatifu, sina ubishi. Lakini ninyi akina dada wakubwa, walezi, walimu wa kwaya, chungeni ile sentensi moja. Teresia aliweza kuigeuza kuwa sala. Wengi wanaigeuza kuwa kufuli.

Kwa hiyo msiweke mashindano. Mkiweka mshindi wa kwanza, mabinti kumi na watatu watarudi nyumbani wakiwa wameona tu kwamba hawawezi. Msiwamalizie kazi ili ipendeze siku ya Askofu. Simu ziwekwe kwenye kikapu, kwa sababu picha ikishaenda mtandaoni binti haangalii tena pembe za pindo lake, anahesabu waliopenda.

Gharama si kubwa, manila na penseli vinapatikana duka la vifaa vya shule. Ukianza Jumamosi hii, anza na pindo. Mji watauchora tu, wa kwetu walichora mipapai, baiskeli ya baba, jiko la mkaa, kalisi. Jina msiliharakishe. Sisi lilituchukua wiki tatu, na mabinti wawili nilipoondoka walikuwa bado wanalitafuta.