Msibani Tunajaa, Mkutano wa Kijiji Unakosa Watu

Wiki hii nilikuwa Muleba kuzika. Marehemu hakuwa mtu mashuhuri wala tajiri, lakini kibanja chake hakikutosha kwa watu waliofika. Vijana walichimba kaburi tangu alfajiri bila kubembelezwa. Kina mama walikuja na mikungu ya ndizi, maharage na kuni. Jioni mweka hazina wa kikundi cha kuzikana akafungua daftari lake na kusoma jina, kiasi, jina, kiasi, mpaka shilingi mia tano ya mwisho. Akaingia kwenye matumizi. Alipotaja bei ya jeneza, mzee mmoja alisimama na kuuliza kwa nini imezidi ile ya msiba uliopita. Hakuna aliyemnong'ona. Risiti ilipitishwa mkono kwa mkono hadi kwake, akaisogeza karibu na macho, akaisoma, akaridhika, akaketi.

Kesho yake, mwendo mfupi kutoka hapo, kulikuwa na mkutano mkuu wa kijiji. Tangazo lilikuwa limepita siku kadhaa kabla. Ajenda zilikuwa mapato na matumizi, pamoja na boma la zahanati ambalo wananchi wenyewe walilichangia, likafika kwenye lenta, likasimama, na sasa nyasi zinaota ndani yake. Saa nne ikapita, saa tano ikapita, saa sita ikapita. Waliokuja hawakujaza hata ukurasa mmoja wa daftari la mahudhurio. Mkutano ukaahirishwa, watu wakajikung'uta na kuondoka. Hakuna aliyeshangaa, na hilo ndilo lililonikera kuliko yote.

Nilimuuliza mama mmoja niliyemwona siku iliyotangulia akipika msibani tangu asubuhi hadi usiku. "Mwanangu, nikienda watanisomea nini? Wameshapanga wenyewe." Kijana wa bodaboda aliyekuwa pembeni akadakia: "Shikamoo kaka, mkutano wenyewe hauna posho." Sijui kama alitania.

Ni rahisi kusema watu wetu hawana uzalendo. Mimi sisemi hivyo, maana mkoa huu wa Kagera una ushahidi mwingi wa kinyume chake. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ikiwa na watu 43 ilipoangukia ziwani ikikaribia kutua Bukoba, waliowahi kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Majaliwa Jackson alikuwa mmoja wao. Watu 19 walifariki, 24 wakaokolewa, na hakuna mvuvi aliyesubiri barua ya mkurugenzi ndipo apige kasia. Hapo Kaboya, ndani ya wilaya hii hii ya Muleba, wamelala mamia ya askari waliokufa katika vita vya kumng'oa Idi Amin aliyetuvamia Oktoba 1978. Wazee wetu wanakumbuka namna vijiji vilivyotoa ng'ombe, vyakula na vijana.

Kwa hiyo moyo upo. Likitokea janga, tunaamka. Jambo likiwa la siku ya kawaida, la kukaa juani na kusikiliza hesabu, tunamwachia mwenyekiti na mtendaji, kisha tunalalamika mwaka mzima kwenye vijiwe vya kahawa.

Najua kuna msomaji ananijibu sasa hivi. Ananiambia nikumbuke tetemeko la Septemba 10, 2016. Watu 17 walikufa, maelfu ya nyumba zikaanguka, nchi nzima ikachanga, na kabla mwezi haujaisha Rais Magufuli akatengua uteuzi wa viongozi wawili wa hapa mkoani kwa tuhuma za kufungua akaunti yenye jina linalofanana na lile la akaunti ya maafa. Baadaye waathirika waliokuwa bado wanalala chini ya maturubai wakaambiwa kila mtu ajijengee. Ananiambia pia kwamba anayeuliza maswali anaitwa mpinzani, au mchochezi, na akienda ofisini kutafuta muhuri anazungushwa.

Yote ni kweli, wala simlaumu aliyevunjika moyo. Lakini kuvunjika moyo kwetu kunamnufaisha nani? Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982 inautaja mkutano mkuu wa kijiji kuwa ndio wenye mamlaka ya juu katika mambo ya kijiji, na kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaizuia halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano huo. Soma tena hapo: bila idhini yetu. Tusipokuja, muhtasari utaandikwa na wawili watatu, utagongwa muhuri, na siku mjukuu wako atakapouliza eneo la malisho lilikwenda wapi, ataonyeshwa karatasi.

Mnyauko wa migomba ulipotuingilia, hapa hapa Muleba, katikati ya miaka ya 2000, tuliona kwa macho uzembe wa mmoja unavyowagharimu wengi. Wewe unakata ua dume kwa kijiti chenye panda, unang'oa mgomba uliougua, unapitisha panga kwenye moto kabla ya kugusa shina jingine. Jirani yako anasema ni ndizi zake. Nyuki hawajui mpaka, na baada ya miezi michache ndizi zako nazo zinaiva kabla ya wakati, ukizipasua ndani zimeoza. Vijiji vilivyonusurika ni vile vilivyokaa, vikapeana zamu na kuwatoza faini wakaidi.

Tena tukumbuke tulikotoka. Kule Kamachumu, mpigania uhuru Ali Migeyo aliwaita watu kwenye mikutano wakati polisi wa mkoloni wakiwa hawako mbali, na watu walikwenda. Yeye alifungwa. Leo kuhudhuria kunatugharimu nusu siku ya palizi.

Viongozi wa vijiji nao wasijifiche nyuma ya uchache wa watu. Taarifa inapaswa kusomwa kila miezi mitatu, tena kwa shilingi na risiti, kama yule mweka hazina wa msibani. Mahali ambapo haisomwi, watu wana haki ya kuidai kwa maandishi, na wilayani kuna ofisi za kupokea barua hiyo.

Nawaomba ninyi mnaobaki kijijini, mkutano ujao ukitangazwa, nendeni na yule mzee wa risiti akae mbele. Na ninyi wana Kagera wa Dar es Salaam, Mwanza na ng'ambo, mtakaojaza mabasi na ndege Desemba kuja kula sikukuu nyumbani, mlichangia lile boma kwa simu zenu. Ulizeni hesabu yake kabla hamjaombwa mchango mwingine.